Zege, pevingi au mawe: patio gani itahimili winta ya Minnesota?

BarazaYetu (Brooklyn Park, Minnesota)
Habari zenu wadau. Tumehamia nyumba mpya huku, nyuma kuna nyasi tupu na mlango wa jikoni ukifungua unaingia moja kwa moja kwenye matope. Nataka patio, yaani sakafu ya nje ya kupumzikia, ya futi 16 kwa 20, pa kuweka jiko la mkaa na viti wageni wakija. Kontrakta wa kwanza kasema nimwage zege nimalize, wa pili anasema pevingi, vile vitofali vya kupanga chini, ndio mpango mzima, na jirani yeye kaweka mawe ya asili yamependeza kweli ila tangu winta iliyopita vipande kadhaa vimeinuka watoto wanajikwaa. Udongo ni mfinyanzi, nyumba yenyewe ina miaka michache tu tangu ijengwe. Kati ya hivyo vitatu kipi kitadumu bila kupasuka wala kupanda na kushuka? Na je hii kazi naweza kuifanya na shemeji zangu au niwaachie mafundi?

fundi_kabro (St. Paul)
Karibu sana. Hii ndio kazi inanilisha hapa na nimeifanya Nairobi na Thika kabla nije, kwa hivyo nakuambia kwa roho safi. Wengi wetu tunakuja na maarifa ya nyumbani, unamwaga murram, unashindilia, juu unaweka dasti ya kwari, yaani vumbi la mawe yaliyosagwa, unapanga kabro, ndio hizo pevingi, na kesho lori linapita. Kule inakubali kwa sababu udongo haugandi. Huku adui si lori, adui ni maji yaliyo chini. Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kama asilimia 9, lakini hata hiyo si shida kubwa, shida ni kwamba barafu ikishaanza kujiunda kwenye udongo laini inavuta maji mengine kutoka chini, inajijenga tabaka juu ya tabaka, na hizo tabaka ndizo zinainua kila kitu kilicho juu. Ndio maana misingi ya nyumba pande zetu inashushwa inchi 42, na kaskazini ya jimbo inchi 60. Patio hakuna mtu anaichimbia hivyo. Itasogea kidogo, lazima, cha muhimu isogee yote kwa pamoja na irudi chini kwa pamoja, na ikikataa kurudi uweze kuitengeneza.

Hapo ndio nachagua kabro. Zege ikiinuka upande mmoja inapasuka na huo ufa utaishi nao. Kabro unaitoa pale ilipoharibika, unasawazisha chini, unarudisha zile zile.

Na tafadhali dasti ya kwari usiitumie kama kitanda huku, ina unga mwingi unashika maji. Tumia mchanga wa zege, ule wa chenga, inchi moja tu, usizidishe ndio usawazishie bonde.

zege_daima (Des Moines)
Naomba nitetee zege maana linasingiziwa sana. Zege la huku sio lile la kuchanganya chini kwa koleo jamani, unaagiza lenye vipovu vya hewa ndani, asilimia 5 hadi 7, vile vipovu vinayapa maji nafasi ya kutanukia yakiganda. Uombe nguvu ya psi 4,500 (ratili kwa inchi ya mraba), fundi asiongeze maji kwenye gari ili limwagike kirahisi, likatwe mistari ya kuelekeza ufa kila futi 8 mpaka 10, na litenganishwe na ukuta wa nyumba, lisishikane. Chini yake kokoto iliyoshindiliwa vilevile. La kwetu limepigwa winta nyingi na liko sawa, na gharama ilikuwa chini ya pevingi kwa mbali. Mtu mwenye bajeti ndogo msimtishe.

fundi_kabro
Zege zuri nalikubali kaka, hayo uliyosema yote ni kweli na kontrakta wengi hawayafanyi. Ila yeye yuko juu ya mfinyanzi, hapo bado ningeogopa.

MamaK (Grand Rapids, Michigan)
Mimi naona mnabishana juu ya kinachoonekana wakati kilichozikwa ndio kinaamua. Swali la kwanza liwe msingi gani, hata ukiweka pevingi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kokoto mchanganyiko, kubwa na ndogo na vumbi lake, ikishindiliwa inakuwa ngumu kama barabara, huko Minnesota kwenye yadi za mawe ukiomba Class 5 watakupa. Ya pili ni kokoto safi isiyo na vumbi kabisa, ya robo tatu inchi, halafu kitanda chake sio mchanga bali chipsi za mawe maana mchanga utazama wote kwenye nafasi. Sisi tulitumia hiyo ya pili. Karibu asilimia 40 ya ujazo wake ni nafasi tupu, maji yanapita hayakai, na hata yakibaki kidogo yakaganda yana pa kutanukia. Kushindilia pia ni rahisi zaidi. Chini kabisa tulitandika kitambaa cha kutenganisha udongo na kokoto, hicho msikiache kwa njia yoyote mtakayochagua, bila hicho matope yanapanda taratibu na kokoto inazama.

ndugu_wa_Winnipeg
Jambo bandugu. Mama anasema kweli lakini udongo ya Michigan magharibi iko na mchanga mingi, maji inashuka yenyewe. Huku kwetu Winnipeg ni mfinyanzi mzito, zamani yote hii ilikuwa chini ya ziwa Agassiz, lile la wakati wa barafu. Ukichimba shimo ndani ya mfinyanzi na kujaza kokoto safi, bila njia ya kutokea, umetengeneza beseni. Maji ya mvua ya Oktoba inakaa pale inangoja baridi. Kama unataka kokoto safi juu ya mfinyanzi, chini weka bomba yenye matundu, iteremke mpaka pahali pa chini kwenye kiwanja na itoke nje. Kama kiwanja haina mteremko, bora ile ya vumbi, maji itiririke juu iende mbali.

BarazaYetu
Asanteni, hapa nimeanza kuelewa kwa nini kila mtu ananiambia lake. Sasa nitajuaje udongo wangu unapitisha maji au la? Na mawe je?

fundi_kabro
Chimba shimo futi moja kwenda chini, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena jioni. Asubuhi kama maji bado yapo una jibu. Lakini kabla hujashika jembe piga 811, ni bure, waje waweke alama za gesi na umeme, wape siku kadhaa. Hata kwa shimo dogo.

mpenda_mawe (St. Cloud)
Mawe ya jirani yako hayana kosa, kosa liko chini yake. Granite ya pande zetu za Cold Spring baridi haiifanyi kitu, mchangamawe wenye matabaka ndio unaobanduka kama umelowa ukaganda. Tatizo la mawe ya asili ni unene kutolingana, kila kipande unakilaza peke yake na hapo ndio mafundi wa haraka wanajazia mchanga mwingi. Kama shemeji zako hawajawahi, chukua pevingi za zege unene wa mm 60, uliza kama zimetimiza ASTM C936, kiwango cha Marekani cha pevingi za zege, maana yake psi 8,000 na kunyonya maji kusizidi asilimia 5 kwa wastani. Ukipenda za tofali la udongo wa kuchoma hakikisha ni daraja SX, la kuhimili kulowa na kuganda, tofali la ukutani usithubutu kulilaza chini huku, litachanika uso.

BarazaYetu
Nimefanya lile shimo. Asubuhi maji yapo karibu yote. Na kiwanja ni tambarare, bomba halina pa kutokea.

fundi_kabro
Basi Class 5, kitambaa chini, na badala ya inchi 4 hadi 6 za kawaida weka 8. Msingi utoke nje ya kabro nusu futi pande zote, watu wanabania hapo halafu kingo zinaanguka. Shindilia kila inchi 3, ukimwaga zote 8 kwa pamoja mashine inagonga juu tu na chini kunabaki kulegea. Mteremko robo inchi kwa kila futi kutoka kwa nyumba, kwa futi zako 16 ni inchi 4, funga uzi kabisa usikadirie kwa macho. Hesabu ya haraka, utatoa udongo yadi za ujazo 12 hadi 13 na utaleta Class 5 kama tani 16, kwa hivyo shemeji wanatosha kupanga ila kuchimba kodisha mashine.

Halafu zile bomba za paa, kama zinamwaga pale pale patio inapokuja zihamishe kwanza. Hakuna kitu cha bei rahisi kinachosaidia kama hicho.

MamaK
Kwenye nafasi kati ya pevingi tumia mchanga wa polima, ule unaoshikana ukinyunyiziwa maji, siku kavu, fagia na upulize vumbi lote juu kabla ya kunyunyiza maji, la sivyo linaacha utando mweupe. Na chumvi ya kuyeyusha barafu, ile ya kawaida, baridi ikishuka chini ya nyuzi -9 za Selsiasi haisaidii tena, mtu anazidi kumwaga na zege ndio linaumia, iwe la kumwaga au la pevingi. Sisi tunatupa mchanga tusiteleze na koleo la theluji ni la plastiki.

zege_daima
Kwa mfinyanzi na kiwanja tambarare hata mimi ningeenda na pevingi. Mdau kumbuka tu, umesema nyumba ina miaka michache. Ule udongo waliorudishia kando ya besimenti huenda haujatulia, ukishuka patio italalia ukutani na maji yatarudi ndani.

fundi_kabro
Hiyo ni pointi kubwa. Futi 4 za kwanza kutoka ukutani chimba zaidi, jaza kidogo kidogo ukishindilia kwa ile mashine ya kuruka, sio ile bapa. Tuma picha ukifika hapo kabla hujatandika kitambaa.