Acheni kusambaza klipu za madalali wa mahakama wa Uingereza. Mnaocheka hamjui mnacheka nini

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Jana usiku kwenye grupu moja la WhatsApp la Waswahili tulioko Uingereza, mtu karusha klipu ya vile vipindi vya televisheni vinavyofuatana na madalali wa mahakama wa huku wakiwa kazini. Mama mtu mzima, yuko na gauni la kulalia, kasimama kwenye korido ya nyumba yake kashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Kamera imemsogelea mpaka unaona mdomo unavyotetemeka. Chini ya klipu vikaragosi vya kucheka mfululizo, halafu mmoja wetu, mtu mwenye wajukuu, akaandika: "Kumbe na wao wanakimbia madeni, toa friji hiyo." Nikazima simu, usingizi ukagoma. Nimeamka na hasira ileile ndiyo nafungua uzi huu.

Kwa mlioko nyumbani ambao mnaviona vipande tu: kinachojulikana zaidi kinaitwa Can't Pay? We'll Take It Away! Kilianza mwaka 2014 kwenye Channel 5, kikatengenezwa hadi 2018, na marudio hayajaisha mpaka leo. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, na pale kazini mchana televisheni ya sebuleni inakirudia, wazee wanakunywa chai na biskuti huku mtu anatolewa nje na mifuko myeusi ya takataka iliyojaa nguo za watoto. Mpango wake ni uleule kila wiki. Wanaume wawili wenye vizibao vya kujikinga wako ndani ya gari, wanasoma jina na deni, wanashuka, wanagonga. Mlango unafunguliwa na hapo ndipo kipindi kinapoanza kunoga kwao, maana kinachouzwa ni sura ya mtu aliyeshtukizwa.

Na msiniambie naonea watu. Hili lilishafika mahakamani. Aprili 2015 madalali wakiongozana na wapiga picha waliingia nyumba ya mume na mke huko Barking, mashariki mwa London, kuwatoa kwa ajili ya kodi ya mwenye nyumba. Picha zilipigwa ndani, nyingine kwa kamera za kifuani za madalali wenyewe. Ile familia ilirushwa hewani tena na tena, jumla ya watazamaji ikafika milioni 9.65. Wakashtaki. Februari 2018 Mahakama Kuu ikasema faragha yao ilivunjwa, kila mmoja alipwe pauni 10,000. Jaji hakuishia kwenye faragha. Alisema kipindi kile kililenga mchezo wa ugomvi kati ya mwenye nyumba na wapangaji, na kwamba ugomvi huo ulichochewa na dalali mwenyewe ili televisheni ipate kitu kizuri cha kuonyesha. Soma tena hapo. Mtu aliyepewa amri ya mahakama mkononi, kazi yake ni kutuliza, yeye anachochea kwa sababu kamera inawaka. Na mtoto wa mwenye nyumba akiwa palepale anawadhihaki watu wanaokusanya vitu vyao.

Pauni 20,000 kwa watu milioni 9.65. Haifiki hata peni moja kwa kila jicho lililowatazama. Hiyo ndiyo bei ya aibu ya familia nzima, na ninyi mnaisambaza bure.

Lakini aibu ni nusu tu ya ninachokuja kulalamikia. Nusu nyingine ni kwamba vipindi hivi vimetufundisha woga na kutunyima sheria, na mimi mwenyewe nimelipia somo hilo.

Mwaka 2019 nilikuwa nimehamia nyumba mpya, miezi mitatu tu. Saa moja kasorobo asubuhi nikasikia mlango unagongwa, ule ugongaji unaokwambia huyu si mtu wa posta. Mwanaume, kitambulisho shingoni, kamera kifuani ina taa nyekundu inayomweka. Anamtafuta mtu nisiyemjua, deni la kodi ya halmashauri. Nikamwambia huyo hayupo, alikaa hapa kabla yetu. Akasema, "Wote husema hivyo. Naomba niingie tu niangalie."

Nikamfungulia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimfungulia, na jibu ni moja: kwa miaka yote niliyotazama kile kipindi, sijawahi kuona mtu aliyekataa kufungua akabaki salama. Kichwani mwangu dalali akigonga, ameshaingia. Mtoto wangu wa miaka tisa alikuwa kwenye ngazi, sare ya shule, soksi mguu mmoja, nyingine kaishika mkononi. Yule mtu akapita sebuleni akaanza kuandika. Televisheni. Sofa. Akafika kwenye kona yangu, kuna cherehani mbili, moja ya kawaida na moja ya kudarizi, kwa sababu wikendi nashona madera na sare za harusi ndiyo napata cha kutuma nyumbani. Akaandika cherehani zote mbili. Nilimtolea mkataba wa upangaji wenye jina langu na tarehe. Akasema hayo nitaongea na ofisi, yeye kwa sasa anahitaji malipo ya mwanzo, la sivyo anaita gari. Nikamuuliza ile kamera inarekodi? "Kwa usalama wako," akasema.

Nilimlipa pauni 150 kwa kadi, deni si langu, jina si langu. Nilifika kazini nimechelewa saa nzima. Kurudishiwa ile pesa ilichukua zaidi ya miezi minne ya barua na simu, na neno la samahani sijalipata. Na miezi yote hiyo kila televisheni ya kazini ikiwashwa kwenye kile kipindi nilikuwa natoka sebuleni, nikiogopa wenzangu wataniona mimi, na cherehani zangu, na mtoto wangu na soksi yake.

Baadaye nilikaa chini na mshauri wa bure wa madeni, mama mmoja mwenye subira, akanieleza sheria ambayo kile kipindi hakikunifundisha. Nawaandikia hapa kwa Kiswahili, kwa sababu tunao wengi huku wanaoishi na mapazia yamefungwa bila sababu. Hii ni England na Wales. Scotland wana utaratibu wao.

Dalali anayekuja nyumbani unakoishi kwa deni la kawaida, kodi ya halmashauri, hukumu ya madai, hana ruhusa ya kuvunja mlango safari ya kwanza. Anaingia kwa amani, kwa mlango, ukimruhusu au akiukuta haujafungwa kwa komeo. Haruhusiwi kupita dirishani wala kukusukuma apite. Lazima uwe umeletewa notisi ya siku saba kamili kabla. Saa zake ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku. Akikuta ndani kuna mtoto peke yake wa chini ya miaka 16, anatakiwa aondoke. Jiko, friji, mashine ya kufulia, vitanda na matandiko ya waliomo, havishikwi. Zana za kazi zako hadi thamani ya pauni 1,350 hazishikwi. Zana za kazi! Cherehani zangu mbili kwa pamoja hazifiki nusu ya hapo. Zaidi ya yote, mali ya mtu mwingine haishikwi kwa deni la mtu mwingine. Yote haya yamo kwenye sheria ya mwaka 2007 na kanuni zilizoanza kutumika Aprili 2014, yaani mwaka uleule kipindi kilipoanza kurushwa. Wangetaka kufundisha, nafasi walikuwa nayo.

Ujanja wao uko hapa. Kwenye saa moja ya kipindi wanachanganya kazi tatu tofauti. Wanaenda dukani au ofisini kwa kampuni inayodaiwa, ambako dalali wa Mahakama Kuu anaweza kuvunja. Kisha wanaenda kumtoa mpangaji kwa amri ya kurudisha nyumba, ambako nako anaingia utake usitake. Kisha wanagonga nyumbani kwa mama mwenye deni la kawaida, ambako kwa haki ya sheria angeweza kuongea naye akiwa nyuma ya mlango uliofungwa. Zote zinaungwa kwa muziki mmoja na sauti moja ya msimulizi. Wewe mtazamaji unabaki na kitu kimoja: huyu mtu lazima aingie. (Faini za jinai nazo zina kanuni kali zaidi, kwa hiyo soma karatasi uliyoletewa kabla ya kutumia maneno yangu.)

Halafu gharama. Mnaona kwenye skrini deni limeandikwa mfano pauni 1,200, dakika tano baadaye dalali anadai karibu 2,000, na mnadhani mdaiwa alificha. Hakuficha. Kwa viwango vya 2014 vya Mahakama Kuu, faili likifunguliwa tu ni pauni 75. Wakifika mlangoni ni 190, na asilimia 7.5 ya kinachozidi 1,000, hapo ni 15. Msipoelewana na kusaini mpango wa malipo siku hiyo, wanaongeza 495. Jumlisha: 775 juu ya 1,200, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT), na hakuna hata kijiko kilichobebwa. Kwa kodi ya halmashauri viwango hivyo vya 2014 vilikuwa 75 na 235, yaani 310 kwa kugongewa mlango. Kijana wa miaka 20 wa London, msambaza vifurushi kwa pikipiki, alijiua mwaka 2016 baada ya faini mbili za barabarani za pauni 65 kila moja kupanda hadi zaidi ya 1,000, na pikipiki yake, ambayo ndiyo ilikuwa kazi yake, kufungwa kufuli. Faini mbili za 65. Kijana mdogo kabisa. Kila nikiona mtu anacheka hizo klipu namkumbuka mama yake.

Najua atakuja mtu hapa na "dawa ya deni kulipa". Ndugu yangu, nakubali. Nakubali pia kwamba upande wa wadai kuna mafundi na vibarua walionyimwa jasho lao, wameshinda kesi na hawajaona senti, na bila mtu wa kukaza hukumu ile hukumu ni karatasi ya kufungia maandazi. Dalali anayefanya kazi yake kwa staha simsemi. Mama wa watu angeweza kudaiwa, akalipishwa, hata akahamishwa, bila Tanzania, Oman na Marekani kumwona na gauni la kulalia. Mahakama ilitoa amri ya kukusanya deni. Haikutoa amri ya kumwonyesha.

Na kilichonimaliza zaidi ni wale wachache kwenye grupu waliosema "Bongo nako tunahitaji kipindi kama hiki." Hivi mnaijua Bongo au mmeisahau? Mikopo ya kausha damu imeingia kila mtaa, wanawake wanabebewa magodoro, televisheni na mitungi ya gesi na watu ambao mahakamani hawajawahi kufika, hawana amri wala kitambulisho cha dalali, wana pikipiki na kelele. Nyumbani sheria ipo vilevile. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinakataza kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, zana za fundi, na hata nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Ni wangapi kati ya hao wanawake waliowahi kuambiwa hivyo? Sasa waleteeni na kamera, kila jioni saa mbili baada ya taarifa ya habari, waone wenzao wanavyobebewa vyombo. Wakopeshaji watashukuru, maana mtu akishaingiwa na ule woga humfungulia mlango yeyote atakayegonga. Mimi nilimfungulia.

Ninachoomba ni vitu viwili. Wewe uliyerusha ile klipu, unajijua, kaifute leo. Ukishindwa, nitamwomba admini aifute, na akikataa natoka. Cha pili, mwenye ndugu huku aliyeletewa ile bahasha ya notisi na anaogopa hata kuifungua, mwambie aifungue. Tangu Mei 2021 kuna mpango wa serikali unaosimamisha wadai na madalali kwa siku 60 kwa madeni mengi, unauomba kupitia mshauri wa madeni, bure. Asilipe mtu yeyote mtaani kwa ajili ya hilo. Na wakigonga kabla hajapata msaada, azungumze nao kupitia tundu la barua, aombe vitambulisho na karatasi vipitishwe chini ya mlango, mlango wenyewe aufunge kwa komeo.

Mwenye hoja ya kunipinga aje na kifungu. Vikaragosi vya kucheka nimeshaviona vya kutosha jana.