Kabati la usalama maabara linapiga alamu kila siku, naomba ushauri

Pipeti Moja (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa maabara, na matusi tuyaweke pembeni maana nimeshachoka kichwa.

Tuna kabati la usalama wa kibiolojia, lile lenye kioo mbele unapitisha mikono chini yake. Wiki mbili sasa linapiga alamu, taa nyekundu inawaka na linaandika kwamba hewa iko chini. Nikizima na kuwasha linatulia robo saa, halafu linaanza tena. Feni naisikia inazunguka kama siku zote. Je, ni sensa tu imekufa au kuna tatizo la kweli? Na nikivaa barakoa ya N95, nikateremsha kioo kidogo, naweza kumalizia kazi iliyobaki, kama siku tatu hivi? Fundi wa vifaa tiba hayupo mpaka wiki ijayo.

Mama Slaidi
Pole mdogo wangu. Hebu niambie kwanza, taa ya UV, ile ya kuua vijidudu, mnaiwasha muda gani? Nauliza kwa sababu vijana wengi wanaiamini kupita kiasi. Haipenyi vumbi, haifiki kwenye kivuli cha chupa, na inachoka nguvu huku bado inawaka bluu vizuri tu. Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini niliisahau ikiwa imewaka, nikakaa mbele yake napanga slaidi. Usiku macho yalikuwa kama yamemwagiwa mchanga, sikulala. Futa kabati kwa spiriti ya asilimia 70 kabla na baada ya kazi, UV isikudanganye.

Pipeti Moja
Asante mama, ila shida yangu siyo UV. Ni alamu.

Kijiti
Mimi siyo mtu wa maabara, ni dereva. Gari langu la kwanza liliwasha taa nyekundu ya oili. Nikabandika kipande cha plasta juu ya ile taa ili isinisumbue usiku. Injini ilikufa siku ya nne, nikiwa nimepakia watu. Mengine siyajui.

Fundi wa Hewa
Mkuu, haya makabati nimeyapima miaka mingi, acha nikueleze kwa ufupi.

Kabati kama lenu, la daraja la pili, linakulinda kwa pazia la hewa tu. Hewa ya chumba inavutwa kupitia matundu ya mbele, chini ya mikono yako, na ndani hewa safi inashuka kutoka juu. Kwa kiwango cha Marekani, hewa ya kuingia isipungue mita 0.51 kwa sekunde, ya Ulaya 0.40. Hiyo ni kasi ndogo sana. Mtu akipita nyuma yako kwa haraka, au kiyoyozi kikipuliza mbele ya kabati, pazia linachanika. Chujio la HEPA linanasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, lakini linanasa kile kilicholifikia tu. Kilichotoka kupitia mbele kinaingia puani kwako.

Feni kusikika haina maana yoyote. Inaweza kuzunguka huku chujio limeziba, au karatasi ya kufutia imevutwa chini ya sahani ya kazi, lile bamba unalofanyia kazi juu yake, na kuziba njia. Na kuteremsha kioo kwa kubahatisha hakusaidii: kabati limepimwa kwa kimo kimoja, mara nyingi sentimita 20 au 25. Ukikiweka pengine, hakuna anayejua hewa inakwendaje.

Naomba unijibu matatu. Sampuli gani? Stika ya uhakiki ina tarehe gani? Kabati limewahi kusogezwa?

Pipeti Moja
Sampuli ni za kawaida za wagonjwa. Stika ni ya mwaka jana, haijaisha sana. Tulilisogeza kidogo.

Fundi wa Hewa
"Kawaida", "haijaisha sana" na "kidogo". Mkuu, hapo hujajibu hata moja.

Mzee wa Rejesta
Kijana, kazi ya maabara ni amana. Mgonjwa hakuoni, daktari hakuoni, ni wewe na Mungu wako. Sisi tulifundishwa kuandika kila kitu rejestani, hata chupa ikivunjika. Siku hizi kijana akikosea anafungua uzi badala ya kufungua rejesta. Umeiandika hiyo alamu popote?

Pipeti Moja
Sijaandika. Sawa, naeleza.

Sampuli ni makohozi. Tunaotesha TB. Kabati lilikuwa chumba cha mwisho, likahamishiwa chumba cha mbele kwa sababu kule kunavuja. Tulilibeba watu wanne. Sasa liko karibu na mlango, na kiyoyozi kiko juu kushoto. Alamu ilianza siku mbili baada ya kuhama.

Lakini jamani nielewane nanyi. Nina sampuli 18 za watu waliokohoa asubuhi, wengine wametoka mbali, siwezi kuwaambia warudi. Inchaji ameniambia niendelee kwa tahadhari. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na kabati lilihamishwa kwa maelekezo yake. Nikiandika rejestani nimemwandika yeye. N95 navaa, glavu navaa jozi mbili. Nilitaka tu mtu aniambie siku tatu zinawezekana.

Fundi wa Hewa
Haziwezekani. Kabati likihama hata chumba kwa chumba linapimwa upya kabla halijaguswa, kwa sababu ule mtikisiko unaweza kulegeza chujio kwenye fremu yake. Halafu mmeliweka mahali pabaya kuliko pote, mlangoni na chini ya kiyoyozi.

Nikuulize kitu kidogo. Kwenye ukingo wa chini wa kioo mmebandika kile kipande cha karatasi laini cha kuonyesha hewa inaelekea wapi?

Pipeti Moja
Kipo. Zamani kilikuwa kimelala kuelekea ndani muda wote, kama kimevutwa na uzi. Sasa upande wa kulia kinaingia ndani kidogo kidogo. Kushoto kinaning'inia tu. Kiyoyozi kikishika kasi, kinageuka kuelekea kwangu.

Fundi wa Hewa
Kinageuka kuelekea kwako. Kisome tena hicho ulichoandika.

Bandua
Wakuu, mnapoteza muda, hii ni chai. Nimefanya kazi na haya makabati. Ukibonyeza kitufe cha kunyamazisha, sauti inakata dakika tano hivi, halafu inarudi. Jamaa anasema wiki mbili anafanya kazi, mikono yote iko ndani, glavu jozi mbili, makohozi ya TB mbele yake. Kila dakika tano anatoa mkono anabonyeza? Huyu ni mwanafunzi ana swali la mtihani, amekuja kufanyiwa kazi. Aseme nani alikuwa anabonyeza.

Kijiti
Hata mimi nilijiuliza, ila nikasema mimi ni dereva.

Mama Slaidi
Bandua, punguza ukali. Mwandishi wa mtihani hawezi kuijua ile karatasi.

Bandua
Ajibu basi.

Pipeti Moja
Kuna binti wa mafunzo kwa vitendo. Anasimama kushoto kwangu, anabonyeza ikilia.

Bandua
Kushoto. Upande wa kiyoyozi.

Mama Slaidi
Mwanangu. Anajua anabonyeza nini?

Pipeti Moja
Nilimwambia ni betri ya sensa imechoka. Sikutaka kumtia hofu, ana wiki tatu tu maabara. Yeye anavaa barakoa ya kawaida, N95 zilibaki chache.

Na kuna jambo lingine, ndilo linaninyima usingizi. Jumanne tubu moja ilifunguka kifuniko nikiwa naitikisa kwenye vorteksi, ndani ya kabati. Alamu ilikuwa imenyamazishwa. Nilifuta kwa klorini, nikaendelea. Yeye alikuwa hapo hapo, ndiye aliyenipa karatasi.

Mzee wa Rejesta
Nilikuja kukukaripia, kijana. Sasa nakuomba. Acha hizo sampuli 18.

Fundi wa Hewa
Mkuu, ulivyofungua uzi na swali la sensa, tungekaa hapa wiki nzima. Sasa tuzungumze kweli.

Kesho asubuhi usiliwashe. Bandika karatasi kwenye kioo, herufi kubwa: LISITUMIKE. Sampuli ziingie friji, nyuzi 2 hadi 8, na inchaji apige simu maabara nyingine yenye kabati zima, zipelekwe hata kesho. Zitakaa siku chache bila shida, wagonjwa wako hawapotezi kitu. Usiinue sahani ya kazi kutafuta karatasi iliyozama, na usimwite fundi akafungua chujio kabla kabati halijafukizwa dawa, maana ndani yake mna kile kilichonaswa miaka yote.

Siku nyingine alamu ya hewa ikilia ukiwa kazini: unafunika ulichofungua, unatoa mikono taratibu, unashusha kioo, unatoa taarifa. Kitu kikimwagika hewa ikiwa nzima, feni usizime, funika kwa karatasi, mwagia dawa inayoua TB, iache muda ulioandikwa kwenye chupa. Kikimwagika hewa ikiwa mbovu, hakuna kufuta. Mnatoka wote, mlango unafungwa, angalau nusu saa, na anayerudi anarudi na N95. Jumanne mlitakiwa kutoka.

Mama Slaidi
Na nyie wawili mwende mkapimwe. Kipimo cha kwanza sasa hivi, kuonyesha mlivyokuwa kabla. Cha pili baada ya wiki 8 hadi 10, kwa sababu mwili unachelewa kuonyesha. Kuambukizwa siyo kuugua, kuna dawa za kinga, usimtishe na usijitishe. Ila hawezi kupimwa kwa jambo asilolijua.

Pipeti Moja
Mama, nikimwambia atamwambia msimamizi wa chuo chake, na mimi ndiyo basi hapa kazini. Nilifikiri nimalize sampuli, fundi aje, kisha nimweleze kwa utulivu.

Bandua
Mkuu, samahani kwa kukuita muongo. Nitasema hili tu: yeye ndiye alikuwa anabonyeza, na siku ikijulikana ataambiwa aliizima yeye. Mwambie kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Mzee wa Rejesta
Andika na tarehe ya kuhamisha kabati. Siyo kumchongea mtu. Fundi akija ataiuliza.

*Siku iliyofuata*

Pipeti Moja
Wakuu, nimerudi.

Sampuli zimeondoka saa nne, zote 18, na fomu zake. Kabati limezimwa, karatasi imebandikwa. Nimeandika rejestani: tarehe ya kuhama, siku alamu ilipoanza, Jumanne na ile tubu. Inchaji alisoma, akakaa kimya muda mrefu, akaweka saini chini ya yangu. Sijui mkataba utakuwaje. Kiyoyozi amekizima mwenyewe.

Mama Slaidi
Na binti?

Pipeti Moja
Nimemwambia saa saba, tukiwa nje kwenye benchi. Nimemwambia haikuwa betri. Hakulia, hakugomba. Alitoa kidaftari chake cha mafunzo, akaniomba nimtajie siku zote ambazo alibonyeza, moja moja. Zilikuwa tisa. Kesho saa mbili tunakwenda kupimwa wote wawili.