Treni za kuchezea za zamani mnadani: nikague nini kabla ya kuweka dau?

Behewa_la_Tatu: Wakuu, kuna mnada Uingereza wiki ijayo. Wanauza injini ya kampuni ya Hornby ya bati, ya springi inayojazwa kwa ufunguo, ya reli zilizoachana milimita 32, pamoja na mabehewa matatu. Wanasema ni ya miaka ya 1930, makadirio pauni 80 hadi 120. Picha ni mbili tu, zote za ubavuni. Niulize nini? Na mpaka ifike Dar itasimama shilingi ngapi?

FundiBati: Omba picha ya chini, magurudumu yaonekane kwa karibu. Mengi ya miaka ile ni ya aloi ya zinki, na zinki ikichanganyika na madini ya risasi hata chembe, inaoza kwa ndani: gurudumu linavimba, linapinda, linapata nyufa nyembamba kama tope lililokauka. Haina dawa, na joto na unyevu wetu huu vinaiharakisha. Magurudumu ya kubadilishia yanapatikana, kwa hiyo punguza gharama yake kwenye dau lako. Rangi nayo: ikiwa imefunika vichwa vya skrubu au maandishi, imepakwa upya, na thamani imeshuka sana.

Mzee wa Nyundo: Mkuu, nyundo ikigonga 100 hulipi 100. Chukua mfano wa kamisheni ya 25% ambayo mnada unamtoza mnunuzi: inaongezeka 25, halafu VAT ya kwao ya 20% juu ya hiyo kamisheni, 5. Umefika 130 bila usafiri. Soma masharti, kila mnada na asilimia yake. Huku TRA wanajumlisha bei, usafiri na bima, wanapiga ushuru, kisha VAT 18% juu ya yote. Ankara iwe ndani ya mzigo.

FundiBati: Ikifika, usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, unyevu utanasa humo na bati litashika kutu. Kabati lenye vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya linatosha, mbali na dirisha la upepo wa bahari. Mafuta ya cherehani, tone moja kila ekseli.

Behewa_la_Tatu: Picha ya chini imekuja. Gurudumu moja la nyuma lina ufa kutoka ukingoni mpaka kwenye ekseli.

FundiBati: Basi hesabu seti nzima ya magurudumu, si moja. Yalimiminwa pamoja kwa zinki ileile, mengine yatafuata. Usivuke 60.