Tupeane uzoefu: wazee wetu walioanza na punda mmoja wakatusomesha sote

Kijana wa Langoni
Assalam aleikum wana Lamu. Jana nimefungua duka la marehemu baba, mara ya kwanza tangu tumalize arubaini, harufu ya iliki na mafuta ya taa ikanipiga nikakaa juu ya gunia nikalia kama mtoto. Baba alikuja mjini kutoka Siyu hana hata makubadhi, akawa hamali pale gatini, usiku analala juu ya matanga ya majahazi ya watu. Akanunua punda mmoja, kazi kubeba mawe na mchanga maana vichochoro vyetu mwavijua, gari halipiti. Punda wakawa watatu, ndipo likaja duka. Sote saba tumesoma, wasichana kwa wavulana. Mama miguu ilipomkataa alikuwa anambeba mgongoni ngazi zote mpaka darini, kila jioni, ili apate upepo. Na Alhamisi usiku kanzu zetu za Ijumaa alipiga pasi mwenyewe, pasi ya makaa, hataki mtu aishike.

Sasa tumekuta daftari la madeni. Limeandikwa Kiswahili kwa harufi za Kiarabu, sisi watoto twasoma kwa kubahatisha, mama ndiye anayetusomea. Kuna madeni ya zamani sana humo. Ndugu zangu wawili wanataka tudai, mie moyo haunipi. Wenye wazee kama huyu semeni, mlifanyaje?

Bint Mkomani
Allah amrehemu. Hiyo pasi ya makaa imenitoa machozi, babangu alikuwa hivo hivo.

Korija
Mie nimezaliwa Lamu nikakulia Malindi. Mzee wangu alikuwa mtu wa boriti. Wanakata mikoko, wanapanga kwa unene, fito mbali, pau mbali, mazio mbali, boriti mbali, wanahesabu kwa korija, ishirini ishirini, kisha zinapakiwa zinangoja upepo wa kusi zipelekwe Arabuni. Alianza kama mkataji wa kulipwa kwa korija, akaja kuwa na watu wake. Mwaka wa 1982 serikali ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje. Marundo yakabaki pwani yanaliwa na jua. Mie nilikuwa mdogo lakini namkumbuka amesimama pale ameshika mikono kiunoni, hasemi. Ile wiki akauza saa yake na redio, akawalipa wakataji wote, ndipo akatuhamisha Malindi. Huko akaanza upya na karai ya viazi, yeye na mama, mtu aliyekuwa akipakia majahazi. Sijawahi kumsikia akilalamika mbele yetu hata siku moja, na karo haikuchelewa.
Kuhusu daftari sina ushauri, wazee wetu hawa mambo yao makubwa.

Wa Kisumu Ndogo
Chomeni hilo daftari. Marehemu kama angetaka kudai angedai yu hai. Mtamsumbua kaburini.

Ustadh wa mtaa
Usichome! Ndugu yangu mali ya marehemu haichomwi kwa huruma ya mtu mmoja. Kwanza gharama za maziko, kisha madeni ANAYODAIWA yeye, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawane, na hayo anayowadai watu ni katika mirathi. Wewe unaweza kusamehe fungu lako tu. Kama kuna mrithi mdogo hajabaleghe, la kwake halisamehewi na kaka. Nendeni kwa kadhi.

Wa Kisumu Ndogo
Kadhi kwa deni la sukari robo? Ustadh na wewe.

Ustadh wa mtaa
Haki ya yatima haina robo.

Bint Mkomani
Jamani msigombane hapa kuna mtu kafiwa. Mie kwetu tuliwaita wadeni mmoja mmoja tukawaambia mwenye nacho alete, asiye nacho amuombee mzee dua. Waliokuja ni wale masikini, wenye uwezo hawakutokea.

Wa Kizingitini
Sikutaka kuandika lakini mmenigusa. Baba alianza kwa kupiga mbizi akitafuta kambakoche, na miwani ya kuazima, baadae akawa ananunua kwa wapiga mbizi wenzake anaweka kwenye barafu anapeleka Malindi mahotelini. Mwaka wa 2014 baada ya mauaji ya Mpeketoni ikaja kafyu, kuvua usiku marufuku, wateja wakapotea, na yeye ana watu kumi na moja wanamtegemea mbali na sisi wanawe. Usiku mmoja mwezi wa nane kifua kikambana. Boti tunayo, petroli tunayo, nahodha ni kaka yangu, lakini kuingia baharini usiku ule ni kutafuta risasi. Tukangoja. Nimesikia pumzi za baba usiku kucha. Kulipopambazuka tukamlaza juu ya godoro tukaondoka, na nyote mwaijua Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, maji yakitoka hupiti. Tukakwama. Matope mpaka mapajani tunasukuma, mama amemkinga jua kwa leso. Akaniita, "Ndoo hapa mwanangu." Nikajua sasa ni wasia. Akaanza kunihesabia watu. Fulani nina elfu tatu zake, mlipe. Fulani nina nyavu yake, mrudishie. Akawamaliza wote kumi na moja kwa majina, halafu akauliza yule dada yangu mdogo alikunywa chai kabla hatujatoka? Maji yalipojaa tukafika Mokowe, gati ya bara, roho ishatoka. Mpaka leo nikipita Mkanda naangalia upande wa pili.

Bint Mkomani
Innalillahi. Nimeshindwa hata kula.

Wa Kisumu Ndogo
Pole sana ndugu. Lakini kwa nini hamkupita nje, bahari kuu?

Nahodha wa Matondoni
Nje wapi, na kusi la mwezi wa nane na mgonjwa godoroni? Usimuongezee mtoto wa watu mzigo, walifanya walichoweza.
Kijana wa Langoni, mie nimo humo daftarini. Mwaka wa 1997 wakati wa elnino, Garsen imefurika, barabara imekatika, basi haziji na bidhaa mjini zaadimika, babako alinipa gunia la mchele na dumu la mafuta. Sijalipa. Kila nikienda aniambia ngoja kwanza. Kesho nakuja nalo.

Kijana wa Langoni
Nimempelekea mama daftari sasa hivi. Ukurasa wako upo, mzee ameupiga mstari, pembeni ameandika "huyu ametuvusha Mokowe usiku na mtoto anaharisha, amekataa nauli." Mama anasema mtoto mwenyewe ni mie.
Kuja tu nahodha, mama ataka kukuona.

Ustadh wa mtaa
Huyo kasamehewa na mwenye mali mwenyewe, amekwisha. Na wale wasiopigwa mstari?