Tupeane uzoefu: pikapu yako inalala bandani au nje?

Wakuu, habari za jioni. Naomba sisi wenye pikapu tuliongelee hili, maana kila mtu ana imani yake na wengine imani hiyo imetugharimu.

Nipo Kigamboni, kutoka getini kwangu hadi baharini ni dakika kumi kwa miguu. Nilinunua Hilux dabo kebini mwaka 2014, na kwa miaka mitano ililala uani, jua lake mvua yake. Boneti ikapauka, kisha klia, ile rangi ya juu inayong'aa, ikaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Dashibodi ikapasuka ufa mmoja kutoka usukani hadi upande wa abiria. Iliniuma. Mwaka 2019 nikajichanga, nikajenga kibanda: mirunda sita, bati geji 30, na kwa kuwaogopa wezi wa saiti mira nikazungushia bati pande tatu. Chini nikaacha udongo uleule. Juu ya hayo, kila usiku nalifunika turubai.

Masika ya 2021 fundi akaingia chini kubadilisha bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya springi, mara akaniita. Akagonga chasisi kwa bisibisi karibu na springi ya nyuma, bisibisi ikazama. Ule mlio sijausahau. Haukuwa mlio wa chuma, ulikuwa kama kugonga boksi lililolowa. Nikalala chini mwenyewe, nikaingiza kidole kwenye tundu la kutolea maji, nikatoa tope jeusi lenye magamba ya kutu. Tundu karibu zote zilikuwa zimeziba. Chasisi ya pikapu ni kama bomba la pembe nne: tope la chumvi likiingia na maji yakakosa pa kutokea, inaoza kuanzia ndani, wewe nje unaona rangi nzima. Ilibidi tukate na kuchomelea pande zote mbili, siku nne gari lipo juu ya magogo.

Yaani miaka yote nahangaika na jua, kumbe kinachonila kinatoka chini: ardhi yenye unyevu, hewa ya bahari, na mabati na turubai nilivyoweka mwenyewe, vikazuia upepo usikaushe unyevu. Sasa hivi msimamo wangu ni paa ndiyo, kuta hapana. Kuta zote nimebomoa, chini nimemwaga zege lenye mteremko, turubai nimempa jirani anaanikia mahindi. Leteni ya kwenu.

Mdau wa Pangani
Mkuu pole sana. Kwangu mimi adui ni mzigo. Nabeba samaki na barafu, singo kebini. Barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi yanapita chini ya matenga yanaingia kwenye mikunjo ya bati. Miaka mitatu tu, sakafu ya nyuma ikatoboka, unasimama unaiona barabara chini ya miguu. Nimechomelea bati jipya na kutandika mpira mzito, lakini mpira nauinua kila jioni, la sivyo ni yaleyale ya turubai lako. Nikishusha mzigo naosha siku hiyohiyo, juu na chini. Na hapa nawaomba watu wa pwani mnisikilize: ulizeni maji ya kuoshea yanatoka wapi. Sehemu niliyokuwa napeleka walikuwa wanatumia kisima, siku moja nikayaonja, chumvi tupu. Nilikuwa nalipia gari langu lioge bahari. Sasa naosha nyumbani kwa maji ya bomba.

Dada wa Unguja
Assalaam alaykum. Mie gari yangu ilikuwa ikilala chini ya mwembe, nikiona kivuli cha bure. Utomvu, popo usiku, kunguru mchana. Hawa kunguru waliletwa huku miaka ya 1890 ili wale taka, na leo wanadonoa hadi mipira ya waipa. Kinyesi chao kikipigwa jua kinakula rangi, kinaacha doa lisilotoka hata kwa polishi. Usikifute kikavu, utakwaruza. Weka kitambaa kilicholoa dakika tano, kisha kiinue taratibu. Marehemu baba alinijengea banda la makuti, pande zote wazi. Kaskazi na kusi zote zinapita, na ukiingia garini saa saba mchana unaweza kushika usukani. Makuti yanadondosha vumbi na yataka kubadilishwa, lakini sijutii.

Mzee wa Njombe
Vijana, huku kwetu bahari hakuna, lakini banda la kufungwa nalo lina mambo yake. Nilijenga la tofali, nusu gari, nusu stoo ya mahindi. Asubuhi moja ya Julai gari haiwaki, nikadhani baridi imeua betri. Nafungua boneti nakuta kiota cha maganda ya mahindi juu ya injini, bado kina joto, na waya zimetafunwa hadi shaba inang'aa. Fundi wa umeme alishinda siku mbili anaunga moja moja. Nimehamisha mahindi, na boneti inalala wazi. Panya anapenda pa giza na pa joto, ukimfungulia anahama. Mbolea ya viwandani nayo msiiweke karibu na gari, magunia yangu yalikaa msimu mmoja tu, vyuma vya upande ule vikala kutu kuliko vya upande mwingine.

Mdau wa Minneapolis
Shikamoo mzee. Huku Marekani majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, kwa hiyo sote tunaishi Kigamboni. Nilikuwa najivunia gereji yenye hita. Jirani yangu, fundi mstaafu, akanieleza: gari likilala nje kwenye baridi kali, ile theluji ya chumvi inabaki imeganda na kutu inakwenda polepole. Ukiliingiza kwenye joto inayeyuka, inapenya kila kona, na kutu inafanya kazi usiku kucha. Sasa siliingizi kabla ya kuliosha chini. Nikikosa muda, linalala nje.

Mdau wa Mbagala
Wenzangu mna uwanja. Mimi ni mpangaji, gari linalala barabarani. Usiku mmoja walilishusha tairi la akiba lililoning'inia chini ya bodi, kimyakimya, mbwa hakubweka. Naanzia wapi?

Mwanzisha mada
Pole kaka. Kwako usalama kwanza, rangi baadaye. Tairi la akiba lipigie mnyororo na kufuli, namba ya gari ichorwe kwenye vioo vyote na saiti mira, na kama kuna yadi yenye mlinzi karibu, lipia, saiti mira mbili ni pesa ya miezi kadhaa ya maegesho. Mchana weka kizuia jua kwenye kioo cha mbele. Na angalia tairi: kwenye ubavu kuna tarakimu nne, 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Gari linaloshinda juani tairi zinapasuka ubavuni huku kashata, yale meno ya tairi, bado nzuri, usidanganywe na kashata.

Mdau wa Pangani, mimi chini napulizia oili chafu kila kabla ya masika, ila naziba bushi kwa nailoni kwanza, oili inaharibu mipira. Wewe unatumia nini? Jumamosi napandisha gari juu ya shimo tuzibue tundu zote kwa waya na presha, nitawawekea picha ya kitakachotoka humo.