Riwaya za upelelezi za Krismasi enzi za Regency: ninunue ipi kati ya hizi mbili?

msomaji_wa_usiku: Wakuu habari zenu, naomba ushauri wa haraka maana nataka kuagiza wiki hii. Dada yangu anapenda sana riwaya za upelelezi za Uingereza ya enzi za Regency (miaka ya 1811 hadi 1820), nataka nimpe moja ya Krismasi. Nimebaki na Jane and the Twelve Days of Christmas ya Stephanie Barron na Why Kill the Innocent ya C.S. Harris. Ipi kali?

mama_vitabu: Mbona ya muhimu hujasema? Cha karatasi au anasoma kwenye simu? Ameshasoma vingine vya hao waandishi? Hicho cha Harris ni cha 13 kwenye mfululizo, cha kwanza kilitoka 2005, atakuta watu wameshaoana na wameshagombana zamani.

kijana_riwaya: Chukua Barron usisumbuke. Mpelelezi ni Jane Austen mwenyewe, yule mwandishi, mwaka 1814, wamealikwa The Vyne, jumba kubwa kule Hampshire, theluji kila mahali, mtu anakufa na unajua kabisa muuaji huenda mnakula naye meza moja. Na Krismasi ipo kweli, siku zote 12. Ya Harris ni Januari, sikukuu zimeshapita, sasa Krismasi iko wapi hapo?

wa_pwani: Usimpotoshe mwenzio. Harris anaanza na mwili wa mwalimu wa piano wa Binti Mfalme Charlotte umetupwa kwenye theluji Clerkenwell, mtaa wa London, na kutoka hapo anakupeleka ikulu na vichochoroni pote. Polisi wa London wameanza 1829, kwa hiyo kipindi kile ukiuawa na huna mtu wa kukupigania, basi tena. Harris hilo analiandika mpaka unaumia.

mzee_karatasi: Angalia unanunua wapi. Mimi nilimwagizia mke wangu riwaya ya namna hii, kilichotumika, muuzaji kaandika hali nzuri sana, kikachelewa mpaka sikukuu ikapita, haya tukasema si neno, mama wa watu akasoma usiku kucha akafika pale mpelelezi anawaita wote sebuleni awaambie nani kaua, anafungua ukurasa, anakuta wamebandika tena kurasa za katikati, mwisho haumo kabisa! Nikamwandikia muuzaji, kimya mpaka leo.

msomaji_wa_usiku: Pole mzee. Ni cha karatasi. Dada ameshasoma Barron mbili.

mama_vitabu: Zipi?

binti_kale: Mie naudhika na waandishi wanaoweka mti wa Krismasi na kadi enzi hizo. Kadi zimeanza 1843!

kijana_riwaya: Mti ulikuwepo, Malkia Charlotte, bibi yake huyo Binti Mfalme aliyekuwa akifundishwa piano, aliuweka Windsor 1800.

binti_kale: Windsor sawa, kwao ikulu. Wengi waliiga baada ya ile picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert na mti wao gazetini 1848. Kabla ya hapo majumba yalipambwa matawi mabichi, na gogo kubwa linawaka jikoni.

kijana_riwaya: Gogo liliwekwa mekoni sebuleni, si jikoni.

wa_pwani: Na mwanzoni mwa Februari 1814 mto Thames uliganda, watu wakafungua vibanda na mashine za kuchapa juu ya barafu.

mzee_karatasi: Mbona siku hizi haugandi hapo mjini?

wa_pwani: Daraja la zamani la London lilikuwa na nguzo nene zinazozuia maji, walipolibomoa 1831 mto ukawa unakwenda kasi.

mama_vitabu: Jamani, bado nangoja majina ya hizo Barron mbili.