Tupeane uzoefu: ng'ombe wa kunenepesha huku Lamu na Malindi

MwanaHindi
Jana nimepita Mokowe nikakuta madume wanapakiwa kwenye boti kwenda Amu, yaani kisiwani Lamu, moyo ukanirudisha mbali. Nyinyi mnaofanya hii biashara kwa pembeni, una kazi yako lakini unanunua madume wachanga waliokonda, unawalisha miezi kadhaa kisha unauza, hebu semeni yaliyowakuta. Naanza mimi.

Madume wangu walitoka soko la Garissa. Kifua kipana, mifupa mizuri, bei haikuuma. Nikawaweka upande wa Bargoni, karibu na msitu, nyasi zinafika magotini. Mwanzo raha tupu. Halafu mmoja akawa anabaki nyuma wenzake wakitoka. Anakula, tena vizuri, lakini mbavu unazihesabu. Macho yanatoka machozi, manyoya yamesimama, tezi ya mbele ya bega imevimba hadi unaiona kabla hujaigusa. Muuza dawa akasema ni minyoo, akanywesha dawa ya minyoo. Wapi! Alfajiri moja nikamkuta amelala, shingo haiwezi kuinua kichwa. Nikakaa naye nikimtilia maji mdomoni kwa chupa, anayalamba, mengine yanamwagika mchangani. Adhuhuri haikumkuta. Bwana mifugo akaja akatoboa sikio la wa pili, akapaka damu kwenye kioo, akaenda kupima. Nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mbung'o wa msitu wa Boni. Waliobaki walidungwa wakapona, ila walikwisha kuwa ngozi na mifupa, na zile pesa zilikuwa karo ya wanangu.

KijanaWaWitu
Mbung'o! Umemaliza kila kitu, kaka.

BabaRehema_Garsen
Pole sana ndugu yangu. Lakini ng'ombe wa Garissa katoka nchi kavu, mbung'o hamjui. Nunua kwa Waorma huku Tana. Watafiti walishawalinganisha na ng'ombe wengine wa aina ya Boran kule Galana, wakaona wa Waorma wanahimili nagana zaidi. Wamezaliwa nayo.

Mfugaji Mpeketoni
Kuhimili si kutougua, mzee wangu. Nimezika wa Waorma pia. Dunga Samorin, dawa ya kinga ya nagana, kabla hujampeleka karibu na msitu, tena kwa uzito wake, si kwa kukisia. Mkipunja dozi ndio mnafuga vimelea sugu, halafu mnalaumu dawa.

BabaRehema_Garsen
Sijasema hawaugui. Soma vizuri kabla ya kunijibu.

Shela kwa Shela
Ngojeni niwape ya baharini. Idd ya kuchinja imekaribia, tunavusha fahali wetu kutoka Mokowe. Tulichangia watu saba, mweupe wa Tana mwenye nundu, tumemlisha wenyewe tangu kaskazi. Amelazwa, miguu imefungwa. Katikati ya mkondo boti ya kasi ikatupita karibu, wimbi likatuinamisha, kamba ya miguu ya mbele ikakatika. Akasimama! Nahodha anapiga kelele "mlazeni, mlazeni", nani wa kumlaza? Kwato ukingoni, huyo majini. Tukabaki kuona pembe na nundu tu. Hakwenda Amu, hakurudi Mokowe, alifuata maji hadi ndani ya mikoko. Tulipomfikia matope yako tumboni na chaza wa kwenye mizizi wamemchana miguu. Kumvuta haiwezekani, utamvunja. Basi mzee mmoja akasema acheni, maji yanajaa. Tukampitisha kamba kifuani na magunia chini yake isimkate, vijana wawili wakashika kichwa kisizame, tukangoja. Maji yalipofika mgongoni matope yakamwachia, akaelea. Tukamkokota polepole kwa boti mpaka mchangani. Akasimama, akajitikisa, akaanza kula majani!

Mama Zuhura
Subhanallah. Huyo mzee apewe mapaja mawili.

KijanaWaWitu
Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo mlimchinja?

Ustadh wa Langoni
Swali muhimu. Anayechechemea waziwazi hafai kwa udhhiya, yaani kuchinjwa siku ya Idd, wala mgonjwa, wala chongo, wala aliyekonda hadi hana uboho. Mikwaruzo haina neno.

Mfugaji Mpeketoni
Hapa tunazungumza biashara, si fikihi na sheria za dini.

Ustadh wa Langoni
Biashara ya Amu bila fikihi utamuuzia nani? Ng'ombe awe ametimiza miaka miwili. Mnunuzi atamfungua mdomo, akikuta meno yote ni ya utoto, anakuachia kamba yako. Jozi ya kwanza ya meno makubwa ndiyo inayokuuzia.

Shela kwa Shela
Alitembea mwenyewe, akachinjwa siku ya Idd.

Malindi Maweni
Ya bahari ni tamu lakini mimi nakumbuka mwisho wa 2006. Mvua ilinyesha Tana ikafurika, kisha homa ya Bonde la Ufa. Karantini Garissa, karantini Tana River, masoko yakafungwa. Madume wangu walikuwa tayari, wamenona, ngozi inang'aa. Mwenye bucha aliyeniahidi akawa hapokei simu, Malindi nzima imehamia samaki na kuku. Na dume aliyenona hawekeki stoo kama gunia la mahindi, kila siku anataka kula. Niliwauza baadaye kwa bei niliyowanunulia. Mbu wa ile homa hutaga mayai yanayosubiri mafuriko miaka, kwa hiyo mkisikia mvua kubwa za El Niño zinatajwa, chanjeni MAPEMA. Mbu wakishatoka mmechelewa.

Gongoni Chumvini
Mnalisha nini lakini? Mimi ni machicha ya nazi, pumba na molasi. Wananona haraka.

BabaRehema_Garsen
Nyasi na chumvi. Basi. Hivyo vyakula vya kununua vinakula faida yote.

Mama Zuhura
Machicha yakichacha yanaharisha. Wape mabichi au uyaanike kabisa. Na mabua ya simsim msiwape peke yake, ni kuni hizo.

Mfugaji Mpeketoni
Pigeni hesabu jamani. Dume wa kilo 180 akiongeza nusu kilo kwa siku, miezi minne ni kilo 60. Chakula, dawa, mchungaji na kibali cha kusafirisha vyote vinatoka kwenye hizo 60. Ukimnunua ghali kwa dalali, umeshakula hasara kabla hajatafuna jani. Faida iko kwenye kununua. Mnunue Februari au Machi, kaskazi imewakausha na wafugaji wanahitaji pesa, masika yakulishie bure, Idd umuuze. Mwaka 2025 Idd ilikuwa Juni, ikakaa vizuri kabisa. Lakini inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, ikifika 2033 iko Machi, kiangazi chenyewe. Anayepanga kubaki kwenye biashara hii aanze kupanda majani na kuyakausha.

KijanaWaWitu
MwanaHindi, siku hizi unazuia mbung'o vipi?

MwanaHindi
Mitego ya kitambaa cha bluu na cheusi, imepakwa dawa, nasimamisha upande wa msitu na penye maji. Ile bluu ndiyo inayowaita. Na sikai tena nikisubiri tezi ivimbe, anayebaki nyuma tu napeleka damu ikapimwe.

Gongoni Chumvini
Kitambaa aina gani? Changu kilipauka wiki chache tu, wakaacha kuja.

MwanaHindi
Cha pamba kinapauka upesi. Tafuta poliesta ya bluu iliyoiva, na majani yaliyo mbele ya mtego uyafyeke wauone kwa mbali.